Mwezi wa kwanza ni staji, mwezi wa saba ni kazi: mulipe!

Wandugu vijana wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na ninyi wazazi wenye muliuzisha kiwanja ili mutoto amalize universite,

Tunaandika juu ya kitu chenye kila nyumba inajua na hakuna mukubwa anataka kukisema ku radio. Mutoto amemaliza kemia, jeolojia ao metalurjia. Miaka tano, kama mugomo wa maprofesa haukuongeza ya sita. Diploma iko ku ukuta, mama aliitilia kioo. Kisha anapanda gari kwenda Kolwezi kutafuta kazi na anaambiwa: kazi haiko, lakini tunaweza kukupa staji. Miezi tatu. Bila mushahara, bila feza ya transpoti. Buti na kofia ya kazi, ujiuzie mwenyewe.

Anakubali. Sisi wengi wenye tunaandika hapa tulikubali pia, hatutajificha.

Watu wa inje wanazani stajieri anakaa pembeni na kaye yake, anaangalia wengine. Juma ya kwanza ni kweli. Juma ya pili unaosha vyombo vya kioo. Juma ya tatu mukemia mumoja anaenda ku konje, na posti yake ya usiku inakuwa yako. Kuanzia saa kumi na mbili ya mangaribi mpaka saa kumi na mbili ya asubui unapokea vifuko vya mawe toka ku shimo. Unakausha, unasaga, unapima uzito, unayeyusha na asidi, unapitisha ku mashini, unaandika: shaba asilimia ngapi, kobalti asilimia ngapi. Juu ya ile karatasi wakubwa wanaamua mawe gani inapelekwa ku kiwanda na gani inabaki pembeni. Jina lenye liko chini ya karatasi ni la shefu. Yeye alilala usiku.

Miezi tatu inaisha. Wanakuita: «Mudogo, vumilia kwanza, nafasi inakuja.» Wanaongeza miezi tatu. Kisha tatu tena. Tunajua wenye walifika mwaka na nusu. Siku moja ku mlango garde anasema beji yako haifungue tena, na ndani ya labo kuna stajieri mupya, diploma yake ingali inanukia wino. Nafasi ilikuwako siku zote, wandugu. Ilikuwa ile posti yenye ulikuwa unafanya.

Fikirini ni posti ya nini. Congo inatosha karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima. Tangu mwisho wa 2018 serikali iliiweka kati ya madini ya lazima sana, na redevansi yake ilipanda mpaka asilimia 10, wakati shaba inalipa 3,5. Bei inafuata kiasi cha kobalti chenye kiko ndani, na kiasi kinapimwa ku labo. Basi kampuni inamupa mutu mwenye hakukula mangaribi kazi ya kupima utajiri wa inchi. Siku mutu atamuletea madesu ya bana ili abadilishe namba moja tu, tutashangaa?

Na asidi haijue kama uko na kontra ao hauna. Mwenzetu mumoja ilimumwangikia ku mukono, saa tisa ya usiku. Kampuni yake hatutaitaja. Ku kitabu cha ajali hawakuandika jina lake, juu hakuwa mufanyakazi, na ku CNSS hakuna mutu alikuwa amemuandikisha. Mama yake, muuzaji wa unga ku soko, njo alilipa dawa.

Wanatujibu: hawa watoto wa universite hawajue kitu, tunawafundisha, na mafundisho njo malipo yao. Kuna ukweli kidogo hapo, tuukubali. Wengi wetu tulisoma kemia ku ubao mweusi, juu labo ya fakulte haikuwa na dawa za kupimia. Ile ni zambi ya serikali na tutairudilia siku ingine. Lakini kama stajieri hajue kitu, juu ya nini munamuacha peke yake usiku mzima na mashini ya bei vile? Hatusemi kuhusu staji ya mwanafunzi, ile ya kuandikia memwari: ile iko na profesa, iko na mwisho. Tunasema juu ya mutu mwenye alikwisha maliza.

Sheria haikusahau huyu mutu. Katiba, artikulo 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu, na Serikali inahakikisha malipo ya haki yenye yanatosha mufanyakazi na jamaa yake. Kodi ya kazi ya 2002 inapatia bosi mpaka miezi sita ya kumujaribu mutu, na ile miezi inalipwa. Miezi sita ya kujaribu haitoshi? Ku dekreti ya 2018, manevre mwenye hana ufundi wowote aliwekewa falanga 7.075 kwa siku. Mwenye kufagia labo analipwa kwa haki yake, na mwenye kupima kobalti ndani ya ile labo anarudi nyumbani kwa miguu.

Kuna kingine chenye kinatuuma zaidi. Wengi wenye wanafanya hivi si wageni. Sheria ya 2017 iliwekea Wacongomani kazi za sutretansi, na tulishangilia. Leo baadhi ya hizo kampuni za wandugu zetu zinakula kontra ya dola na kuijaza na mastajieri. Uzalendo wa namna hiyo, wabaki nao.

Na nani anaweza kuvumilia mwaka bila mushahara? Mwenye yaya wake anapangisha nyumba Kolwezi. Binti wa Mitwaba ao Kasenga, hata akiwa wa kwanza ku promosyo, hawezi. Akijaribu, kuna mashefu wenye watamuomba malipo mengine juu ya ile nafasi, na tunajua wenye walirudi kwao kimya.

Asilimia 10 ya redevansi inaenda ku mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Muzuri. Sisi wenye tulikwisha kuja tuko ku mlango na dosie mukononi.

Inspeksyo ya Kazi iingie ku malabo usiku, isingoje kupewa chai ku biro asubui. Minisita wa Kazi aandike wazi: baada ya diploma hakuna staji bila kontra, bila malipo, bila CNSS. Kampuni zenye ziko na stajieri wa zaidi ya miezi sita zimuandike kazi, na zilipe siku za nyuma.

Na wewe mwenye uko posti leo usiku: nunua kaye. Andika tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, vifuko ngapi ulipima, shefu gani alisinya. Piga foto ya beji yako. Ukikwisha, letea ekipe yetu ya mutaa wako nakala moja, ya pili ifiche nyumbani. Hatutatangaza jina lako. Tukifikisha kaye makumi tano, tunazibeba pamoja ku Inspeksyo, kwa miguu, muchana.