MLANGO WA CHUO CHA UUGUZI HUFUNGWA MAPEMA

Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne huanza mbio ambazo sisi wenye maduka huziona mapema, kwani mwenye shida ya fedha humkabili muuza duka kabla ya kumkabili mtu mwengine. Twaziona Unguja na twaziona Pemba. Na jamaa zetu wa visiwani waliokwenda kufungua maduka bara, hata Nyasho katika mji wa Musoma ukingoni mwa Ziwa Viktoria, watuletea khabari hizo hizo. Binti amefaulu, ataka kuwa muuguzi, ameomba chuo na chuo kimemkataa. Nyumba nzima yauliza: kosa ni la nani?

Twataka leo kulijibu suala hilo bila ya kumung'unya maneno. Aghlabu mlango wa chuo cha uuguzi haufungwi siku ya kuomba. Hufungwa miaka miwili kabla, siku ile mtoto alipoacha fizikia na kemia naye mzazi asiwe na khabari.

Tumeitaja Nyasho makusudi. Mkoa wa Mara si mahali palipotupwa katika jambo hili. Musoma mjini kipo chuo cha afya. Shirati, upande wa Rorya, ambako wamishenari wa Kimennonite walifika mwaka 1934, ipo hospitali kubwa na pana chuo kinachofundisha wauguzi. Kwangwa imesimama Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo ya miaka kabla ya kufunguliwa kwa wagonjwa. Kwa hiyo mtoto wa Nyasho akikosa nafasi, hapana awezaye kusema kuwa amekoseshwa na umbali peke yake. Na lililo kweli kwa mtoto wa Nyasho ni kweli kwa mtoto wa Wete na wa Makunduchi, kwani mtihani wa Kidato cha Nne wanaoufanya ni mmoja.

Na tuyatazame masharti yenyewe, maana wengi huyazungumza na wachache wameyasoma. Anayesimamia jambo hili ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, liitwalo kwa ufupi NACTVET, na ambalo zamani likiitwa NACTE. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga husomwa kwa muda wa miaka mitatu. Mwombaji hutakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne yasiyokuwa ya dini, na ndani yake yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nguvu. Kufaulu maana yake ni kupata japo daraja ya D, nayo ni alama kuanzia 30 mpaka 44.

Mzazi akisikia D husema: "Basi ni jambo jepesi." Si jepesi. D ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Nafasi katika vyuo vya Serikali ni chache na waombaji ni wengi, na mwenye B na C hutangulizwa mbele ya mwenye D. Tena yawapasa wazazi waelewe kuwa masomo hayo matatu hayana badali. Mtoto anaweza kufaulu Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia kwa alama za kupigiwa mfano, walakin bila ya Fizikia jina lake halitasogea.

Hapa pana neno linalotukhusu zaidi sisi tuliolelewa chuoni kwa mwalimu. Mtoto aliyepata alama nzuri katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, au mwenzake Mkristo katika somo la Biblia, hahesabiwi somo hilo miongoni mwa manne. Wako waliokasirika kwa hayo, wakaona dini imedharauliwa. Sisi hatulioni hivyo. Elimu ya dini ina mizani yake, na malipo yake hayapokelewi katika ofisi ya chuo. Linalotusikitisha ni mzazi kutolijua sharti hilo mpaka siku ya kukataliwa, ilhali lilikuwa limeandikwa wazi miaka yote.

Basi tuirejee siku ile ya Kidato cha Pili. Kwa miaka mingi utaratibu wa skuli za sekondari umekuwa kwamba Fizikia na Kemia husomwa na wote mpaka Kidato cha Pili, kisha mwanafunzi huchagua kuendelea nazo au kuziacha. Nani humshauri wakati huo? Mara nyingi ni rafiki zake. Skuli haina mwalimu wa fizikia, maabara ni chumba chenye meza na vumbi, na mtoto wa miaka kumi na tano huona raha kuyakimbia masomo yenye hesabu. Huyakimbia kwa kicheko na huyalilia baada ya miaka miwili. Hata mitaala ikibadilishwa, jambo hili halitabadilika: asiyefundishwa sayansi hatopokelewa katika chuo cha sayansi.

Kwa wale waliosoma inavyopasa, iko khatari ya pili, nayo ni njia ya kuomba. Siku hizi maombi hayapelekwi kwa barua. Vyuo vya Serikali huombwa kwa mtandao katika utaratibu mmoja wa pamoja wa Baraza, na vyuo vya watu binafsi na vya mashirika ya dini huombwa chuoni kwenyewe. Mtoto asiyekuwa na kompyuta huenda katika kibanda cha kuchapisha karatasi, na huko kijana wa kibandani humjazia kila kitu. Huandika namba yake mwenyewe ya simu, huchagua neno la siri analolijua yeye, na pengine huchagua na vyuo kwa kukisia. Jawabu likija humfikia yeye, na siku za kuthibitisha nafasi hupita mwenyewe hana khabari. Twasema wazi: mtoto aandike namba yake au ya mzazi wake, neno la siri alihifadhi mwenyewe, jina liwe lile lile lililomo katika cheti cha kuzaliwa na cha mtihani, na asitoke kibandani bila ya karatasi yenye aliyoyajaza.

Wako na waovu zaidi, wanaojidai kuwa wana mtu wao ndani na kwamba kwa kiasi fulani cha fedha nafasi itapatikana. Wazazi wameuza mbuzi na mikarafuu kwa maneno hayo. Nafasi ya chuo haiuzwi, na anayeiuza anauza asichokuwa nacho. Malipo ya halali huwa na namba yake ya kulipia na risiti. Na kabla ya kulipa ada ya chuo cha binafsi, mzazi ahakikishe kuwa chuo hicho kimesajiliwa na Baraza, kwani cheti cha chuo kisichotambuliwa hakimfikishi mtu kwenye leseni ya uuguzi.

Hatuwezi kunyamaza pia juu ya baba wanaowazuia binti zao kwa kudai kuwa uuguzi ni kazi isiyo ya heshima, ya zamu za usiku na ya kuwashika watu wasiowajua. Twawauliza: mkeo anaposhikwa na uchungu usiku wa manane, wataka nani amsimamie? Na zaidi ya hayo, waliosoma sira wanamjua Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye hema lake liliwekwa msikitini Madina akiwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa kwake. Ikiwa kazi hiyo haikuonekana aibu katika msikiti wa Mtume, itakuwaje aibu katika hospitali ya Mnazi Mmoja?

Watu watatujibu: "Mwawahimiza watoto wasome uuguzi, na waliohitimu wamekaa majumbani hawana ajira." Hoja hii ni nzito wala hatuipuuzi. Walakin tuangalie ukosefu uko wapi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 27.9, na bado ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni katika nchi kama zetu. Wagonjwa wapo na wauguzi wapo. Kilichokosekana ni fedha ya mshahara iliyotengwa na Serikali. Hilo ni deni la Serikali, na si sababu ya kumfungia mtoto mlango wa elimu.

Kwa upande wa ada, haki ni kusema yaliyotendeka pamoja na yaliyosalia. Bara, ada ya sekondari mpaka Kidato cha Nne iliondolewa mwaka 2016. Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, na afya ni mojawapo. Ni jambo jema. Lakini mkopo humfaa aliyekwisha kupata nafasi. Yule aliyekosa mwalimu wa fizikia mkopo haumgusi kabisa.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Kwanza, kila skuli ya sekondari ipatiwe walimu wa sayansi na maabara yenye vifaa kabla ya kulaumiwa watoto kwa kufeli. Pili, mzazi aitwe skuli kabla mtoto hajachagua masomo, na asomewe masharti ya vyuo kwa lugha anayoifahamu. Tatu, nafasi za ajira za wauguzi zilingane na mahitaji ya hospitali zetu.

Nasi wenyewe tusikae tukingoja. Kila tawi lina japo kijana mmoja mwenye kujua kompyuta. Na akae barazani wakati wa maombi awasaidie watoto wa mtaa bila ya malipo. Na kila mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Pili na amwulize usiku huu: "Mwanangu, mwakani utasoma masomo gani?" Suala hilo halina gharama, na majuto huja kinyume.