VIPANDE VYA SHAMBA: TUSIUZE KWA HARAKA



Wengi wetu tufanyao kazi ya reli hapa Voi ni wakulima pia. Mshahara twaupokea hapa, lakini chakula cha watoto chatoka vilimani, Dawida, Sagalla na Kasigau. Kwa hiyo jambo la mashamba ni jambo la chama, maana shamba likishindwa, mshahara wote huishia dukani kwa unga.

Siku hizi twasikia wenzetu wakisema, "Shamba langu limetawanyika, kipande huku na kipande kule. Heri niuze kile cha mbali." Twaomba ndugu hao wangoje kidogo.

Kwanza tukubali ukweli: vipande vilivyotawanyika vina taabu. Tuchukue mfano wa mtu mwenye ekari moja na nusu: nusu ekari juu karibu na Wesu, nusu katikati ya mteremko, na nusu chini upande wa Mwatate. Saa nyingi hupotea njiani. Samadi hubebwa kichwani. Akipalilia juu, nyani hula mahindi ya katikati. Akilala nyumbani, ndovu humaliza ya chini. Wala tusijidanganye, anayetembea si sisi. Sisi tuko zamu. Wanaopanda na kushuka ni mama zetu na wake zetu.

Lakini wazee wetu walikuwa na akili. Kilele cha Vuria chapita mita 2,200, na mji wa Voi uko karibu mita 600 tu. Juu kuna ukungu na baridi, mahindi hukomaa polepole. Chini ni joto. Mtama na kunde hukomaa upesi. Vuli ikikosa chini, huenda maharagwe ya juu yakapona. Mvua ikizidi juu na maharagwe yakaoza, chini huenda wakapata. Tena kazi haziji zote juma moja: huku wavuna, kule bado wapalilia. Mwenye shamba mahali pawili ana ghala mbili, na ghala mbili hazitobolewi na panya mmoja.

Serikali ya kikoloni haikuona hivyo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka vipande vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja na hati yake. Kazi hiyo ilifanywa upesi katika nchi ya Wakikuyu wakati wa Hali ya Hatari. Faida zilikuwapo: watu walipata hati, wakapanda kahawa. Lakini mpango wenyewe ulikiri kwamba watatokea wenye ardhi na wasio na ardhi, ukaliona hilo kuwa hatua ya kawaida. Kwetu wafanyakazi si ya kawaida hata kidogo. Uingereza nako, mashamba ya vipande yalipokusanywa na kuzungushiwa ua, maskini wengi walibaki na mikono mitupu ya kuuza kiwandani.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi, ambayo chini yake kipande huweza kuandikwa pale pale kilipo. Kwa hiyo asije mtu kukwambia kwamba huwezi kupata hati mpaka ukusanye.

Basi adui ni nani? Adui mkubwa ni kugawanya bila kikomo. Baba ana nusu ekari, wana ni wanne, na kila mmoja ataka sehemu yake katika kila kipande. Mwisho hubaki mikanda myembamba isiyotosha hata kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Na ardhi ya kuongeza hakuna. Hifadhi ya Tsavo, iliyowekwa mwaka 1948, yachukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu, na mashamba ya mkonge yana sehemu yake bondeni.

Maoni yetu ni haya.

Moja: wenye vipande vilivyo kimo kimoja na wabadilishane, wa juu kwa juu, wa chini kwa chini. Hivyo mwendo wapungua na ghala zabaki mbili.

Mbili: ndugu wa baba mmoja wasikate kila kipande. Walime cha chini pamoja, wagawane magunia, si udongo.

Tatu: anayetaka kuuza, kugawanya au kubadilishana apite kwenye Bodi ya Ardhi, kama itakavyo sheria ya mwaka 1967 kwa ardhi ya kilimo. Mapatano ya mdomo huzaa kesi. Na mke aulizwe kwanza, maana yeye ndiye ajuaye ni kipande kipi kilichowalisha watoto mwaka wa njaa.

Nne: wengi huuza kwa sababu ya karo ya Januari. Chama kizungumze na ushirika wa akiba na mikopo ili mwanachama apate mkopo wa karo wenye riba ndogo. Karo hulipwa kila mwaka, lakini shamba huuzwa mara moja tu.

Ndugu zetu, kazi ya reli ina siku ya kustaafu, na siku hiyo hakuna atakayebaki kwenye nyumba za kazi. Twataka kila mmoja awe na pa kurudi, na penye kuvunwa.

Umoja ni nguvu.

Wafanyakazi wa reli, Voi