Neno la Wiki: "Found"

Neno la wiki hii hutamkwa "faund", na huwasumbua watoto wa shule sawasawa na baba zao walioko kambini na vituoni. Sababu ni kwamba si neno moja. Ni vitenzi viwili vilivyovaa sare moja.

Cha kwanza ni "find", yaani kuona, kupata au kukuta. Wakati wake uliopita ni "found", wala hakuna "finded". Cha pili ni "found" chenyewe, maana yake kuasisi, kama mtu aasisivyo mji, shule au chama; na hicho wakati wake uliopita ni "founded". Asili zao ni mbalimbali. Cha kwanza ni cha Waingereza wenyewe tangu kale. Cha pili walikipokea kutoka kwa Wafaransa, nao Wafaransa walikitoa katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kitako cha kitu. Ashikaye kwamba "founded" ni kuweka msingi hatapotea tena.

Tuseme mtoto wa Mbale ameulizwa darasani ni nani aliyeuasisi mji wake, naye akaandika "Semei Kakungulu found Mbale". Hapo amesema kwamba Kakungulu aliiokota Mbale, kana kwamba mwenyewe aliidondosha njiani. Ilimpasa aandike "founded", maana jemadari huyo Mganda, aliyeshirikiana na Waingereza, ndiye aliyeuanzisha mji huo karibu na mlima Elgon mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini watu wa nchi ile hakuwaasisi yeye. Wagisu aliwakuta. Kwa hiyo sentensi hizi mbili ni za kweli pamoja: "He founded the town. He found the Bagisu there."

Jinja ina kisa chake. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika penye maporomoko ambapo mto Naili hutoka katika ziwa, akayaita Ripon. Vitabu vingi vya Kiingereza vimeandika kwamba "he found the source of the Nile". Je, ni kweli? Ikiwa maana ni kwamba alikuwa akiitafuta chemchemi hiyo akaiona, ni kweli. Ikiwa maana ni kwamba haikujulikana na mtu, la hasha. Wasoga waliuita mto huo Kiyira, nao hawakuwa wameupoteza hata mgeni auokote. Kiswahili kingemwambia mwandishi achague kati ya "alivumbua" na "alifika akakuta". Kiingereza humruhusu asichague. Na anayekwenda leo kuyatafuta maporomoko ya Ripon "will not find them", kwani yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa na kufunguliwa mwaka 1954.

Uhuru huo wa kutochagua ndio wenye hatari katika kazi ya polisi. Askari akiandika "I founded a gun in the house", amesema ameasisi bunduki. Hakimu atatabasamu, lakini ataelewa. Kosa kubwa zaidi ni lile ambalo sarufi yake haina dosari. Mahakama za Uganda hutumia Kiingereza, na washtakiwa wengi husema Kiswahili, Kisoga, Kigisu au lugha nyingine za kwao. Kijana amekamatwa na baiskeli ya wizi katika barabara ya Jinja kwenda Iganga. Akisema "Nimeiokota", anadai kwamba ilikuwa imeachwa pasipo mwenyewe. Akisema "Nimeikuta nyumbani", anadai kwamba mtu mwingine ameileta. Na akisema "Nimeipata", huenda amepewa, huenda ameinunua. Hapo askari hana budi kumwuliza ameipata kwa nani. Majibu hayo matatu ni mbali kabisa, lakini kalamu yenye haraka huyaandika yote "I found it".

Mtu aliyekutwa na mali ya wizi huulizwa kwanza ilimfikiaje, na kifungo au uhuru wake waweza kutegemea jibu hilo. Afadhali maneno yaongezeke: "I picked it up by the roadside", au "I came home and found it in my house". Wino hautakwisha.

Kuna na "found guilty", ambalo limekwisha kuzaa mtoto katika Kiswahili chetu: "amepatikana na hatia". Wazee wa lugha hupendelea "ametiwa hatiani". Lolote litumikalo, hilo ni neno la mahakama. Taarifa ya polisi inaweza kusema "he was found with the bicycle", yaani alikutwa nayo, ikakomea hapo.

Kakungulu mwenyewe anafaa kwa zoezi la jioni, baba na mama wakiwa na watoto mezani. Mwaka 1906 Waingereza walimpeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, akakaa huko hadi 1913, kisha akarudi Mbale. Mwaka 1919 aliiacha dini ya Kikristo akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, wafuasi wa dini ya Kiyahudi, ambao wangali wakisali katika kilima cha Nabugoye karibu na mji huo. Watoto wajaze "found" au "founded": "In 1906 Kakungulu came to Jinja and ... a town already there. In 1919 he ... the Abayudaya community. Visitors to Mbale have ... it on Nabugoye Hill." Majibu yatatolewa wiki ijayo.