Kigali Tunaisifu, Msimbazi Tunautupia Taka

Kuna watu wananiudhi, na leo nitawasema. Mtu akienda Kigali kwa semina, jioni hupelekwa Nyandungu, kwenye ile bustani ya ardhioevu. Hekta 121 za mafunjo, mabwawa na miti ya asili. Anapiga picha, anatutumia: “Wenzetu wametuacha mbali!” Ni kweli. Lakini huyohuyo akirudi Dar es Salaam, daladala likifika daraja la Jangwani, dirisha linafunguliwa na chupa ya maji inakwenda zake Mto Msimbazi. Nyani haoni kundule!

Ndugu zangu, Nyandungu haikushuka kutoka mbinguni. Palikuwa pamechakaa kwa mikono ya watu, na mikono ya watu ndiyo iliyopafufua hadi mwaka 2022 wageni wakaanza kukaribishwa. Yale mafunjo si pambo. Mashina yake yaliyosongamana hunasa tope na uchafu, na mvua ikizidi, bonde huyashika maji likayaachia taratibu.

Kazi hiyohiyo Mwenyezi Mungu alilipa bonde la Msimbazi litufanyie bure, toka vilima vya Pugu hadi mikoko ya daraja la Selander. Tumemshukuruje? Kwa kifusi, viroba vya taka na maji ya vyoo. Maji hufuata mkondo. Ukiuziba, yatakuja sebuleni. Desemba 2011 yalikuja, watu wakafa, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Mchuma janga hula na wa kwao.

Nanyi ni waungwana, mnafagia uwanja kabla ya chai. Mbona ustaarabu unaishia kizingitini? Tena kwenye mpira tunajiita Wekundu wa Msimbazi na watoto wa Jangwani, tunatoleana macho kwa ajili ya majina hayo, na mto wenyewe unanuka!

  

Sasa inapangwa bustani ya jiji palepale Jangwani, chini ya mradi wa kuliendeleza bonde. Msingoje utepe ukatwe ndipo mjifunze adabu. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe wa dirishani, chupa hiyo ishike mpaka kwako. Na mwanao aliyeketi karibu nawe anakutazama, mpe naye aishike yake.