Niliandika "Sokoni", Kumbe Nilikuwa Naenda Kuangalia Maji

Mimi ni volontia hapa Mantapala, na moja ya kazi zangu ni kusaidia watu kujaza fomu ya ruhusa ya kutoka kambini. Hospitali, shule, soko, matanga. Sababu ni zile zile kila wiki. Mwaka jana nikajaza ya kwangu. Nilitaka kwenda kuangalia maporomoko ya maji, basi. Lakini mkono ulikataa kuandika hivyo. Niliona watu watanicheka. Nikaandika "sokoni Kawambwa". Hakuna aliyenilazimisha, ni aibu yangu tu.

Hiyo aibu njo nataka tuiongelee leo.

Tulikuwa vijana wanne. Tulitoka asubuhi sana, tukapita Nchelenge, tukafuata barabara ya bonde la Luapula mpaka Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, halafu Mbereshi. Pale barabara inaacha bonde na kupanda. Kabla ya kufika Kawambwa kuna njia ya vumbi inaingia pembeni, kama kilomita moja hivi, na unasikia mngurumo kabla hujaona kitu. Ni mto Ng'ona. Ukifika kwenye mwamba unagawanyika mara mbili, unaanguka kama mita 30, halafu unatulia kwenye dimbwi. Ndiyo Ntumbachushi. Si Mosi-oa-Tunya, wala si Lumangwe kule mto Kalungwishi. Ni maporomoko madogo ya njiani.

Mlinzi akauliza: "Nyie ni wa hapa au wageni?" Maana bei zinatofautiana. Tukaangaliana. Kweli, sisi ni nani? Mwisho akacheka, akasema tunaongea Kibemba kama watoto wa Luapula, akatukatia tiketi za wenyeji.

Mmoja wetu alivuka mwaka 2017 akiwa mtoto, usiku, kwa mtumbwi, kutoka upande wa Pweto mpaka ufuko wa Puta. Tangu siku ile hajaogelea. Sisi tukaruka ndani, yeye akakaa kwenye jiwe. Baada ya muda mrefu akaingiza miguu. Hatukumwambia kitu. Akasema tu: "Yaya, haya maji hayaniitishi kitu."

Nimefikiria sana hilo neno. Kwetu maji ni ya kuvuka ukikimbia, au ya kupanga mstari na bidoni kwenye pampu. Siku ile yalikuwa maji tu.

Najua wengine watasema: posho haitoshi, na wewe unaleta habari ya matembezi? Wazazi wetu nao watauliza, mtu aliyekimbia vita anatembea nini? Nawaheshimu. Lakini njaa na kichwa kilichojaa vinakaa ndani ya mtu mmoja. Nimeona vijana wenzangu wanaolala mchana kutwa, si kwa uvivu, ila kesho yao inafanana na jana. Mafunzo ya ushonaji na ya sabuni ni mazuri, lakini hakuna semina inayofanya kazi ya siku moja ya kusahau.

Sheria naijua pia. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa mwaka 1951 iliweka sharti kwenye kifungu cha 26, kile cha uhuru wa kutembea, na mpaka leo mkimbizi anatoka kwa ruhusa. Sipigani na hilo. Nchi imetupokea, na jirani zetu Wazambia tunalima nao na kusoma nao. Ninachoomba ni kidogo: tuandike ukweli.

Wafanyakazi wa mashirika, mkituona kwenye foleni na sababu ya "matembezi", msidhani tunacheza. Tusaidieni tupate siku moja kila baada ya miezi mitatu, kikundi chenye orodha ya majina, kutoka asubuhi na kurudi jioni ile ile. Nauli tutachanga wenyewe, kama tulivyochanga sisi wanne kwa pesa ya kuuza chisense.

Na wewe kijana mwenzangu, usione haya. Safari ijayo fomu yangu nitaijaza mwenyewe, na pale kwenye sababu nitaandika: kuangalia maji. Wakikataa, wakatae ukweli, si uongo wangu wa soko.