Acheni Kusingizia Wazo Kuchakaa

Keti na vijana wanaoandika miswada ya filamu mjini Kitale au Bungoma, na kabla chai haijapoa utausikia wimbo ule ule. Filamu ya wizi? Imechakaa. Mapenzi ya tajiri na maskini? Tumeyachoka. Kijana wa mashambani anayekwenda kutafuta maisha Nairobi? Hiyo usiiguse kabisa. Eti mwandishi wa kweli ni yule mwenye wazo ambalo halijawahi kuonekana popote duniani. Basi wanalingoja, mwaka unaisha, na muswada hauonekani.

Imani hiyo ni uvivu uliovishwa suti. Imewazima waandishi wengi kuliko uhaba wa kamera.

Tazama Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga. Kisa chake ndicho hicho tunachokatazana: kijana anatoka mashambani, anaporwa mara tu anapofika jijini, anaishia kwenye genge. Lakini kijana huyo, Mwas, ni mchuuzi wa filamu anayeziigiza mbele ya wateja ili wanunue, na genge lake halivunji benki, linang'oa vioo na taa za magari. Anaingia kwenye tamthilia na kwenye ujambazi kwa wakati mmoja, na kote huko anaigiza. Njia ilikuwa ya zamani. Mtu aliyepita ndiye hatukuwa tumemwona. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuipeleka kuwania tuzo za Oscar.

Au mchukue bawabu Mluhya. Kuna mhusika aliyetumika vibaya kuliko huyo katika vichekesho vya Kenya? Lafudhi, ugali, kuku, basi. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimchukua huyo huyo katika kipindi cha televisheni cha Papa Shirandula na kumpa siri moja: mkewe Wilbroda hajui kwamba mumewe hulinda lango. Kwa siri hiyo, kila anayefika kazini kwa Papa Shirandula anaweza kuwa ndiye atakayekwenda kuropoka nyumbani. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tulicheka tukijikuna, kwa sababu tunawajua wanaume wa namna hiyo.

Sasa turudi kwenye filamu ya wizi mliyokwisha kuizika. Inataka nini? Mali iliyofungiwa, mlinzi, saa inayokimbia, na watu wachache wanaoaminiana nusunusu. Ipelekeni kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao hapa Kitale, msimu wa kuuza mahindi. Malori yamepanga foleni hadi barabarani. Mkulima amelala juu ya magunia yake ya kilo 90. Mbele kuna mtu mwenye bambo: anachoma gunia, anatoa punje, anazimimina kwenye mashine ya kupima unyevu. Zikizidi asilimia 13.5, lori linageuzwa, mahindi yakaanikwe upya, na wingu la mvua limekwisha kukaa juu ya Mlima Elgon. Nyuma ya mkulima huyo amesimama mfanyabiashara asiye na shamba hata la sukuma wiki, ila karatasi zake zote zimenyooka. Mwaka 2018 nchi nzima iliuliza ilikuwaje wafanyabiashara wakalipwa mabilioni huku wakulima wakingoja. Huo ni wizi usio na bunduki. Jambazi ni karani, na mlango wa kuvunjwa ni daftari. Niambieni mmeiona wapi filamu hiyo.

Msinielewe vibaya. Kurusha droni juu ya kilima cha Chetambe na kuwaita wahusika Wafula na Nekesa si upya. Kama kisa kinaweza kuhamishiwa Thika na kisidondoke chochote, umebadilisha majina tu. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu wanapotahiri, kamera hupiga kengele, matope ya mtoni na umati unaoimba. Kila msimu ni picha zile zile. Wachache hukaa nyumbani kwa mjomba, pale kijana anapokwenda kuvishwa nyama shingoni. Kama ng'ombe wa mahari ya dada yake, mama wa kijana, hawajakamilika, mjomba huyo atasema nini mbele ya watu, na kijana atasimamaje bila kupepesa jicho?

Tena kisa kinachojulikana kina faida: mtazamaji hahitaji kuelezwa njia, kwa hiyo unaweza kumgeuza ghafla. DJ Afro amejenga jina lake kwa kutia maneno yake katika filamu za kigeni ambazo watu wamekwisha kuziona. Ng'ambo ya mpaka, kule Wakaliga nchini Uganda, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, makomando na majambazi kama kawaida, ikapata wapenzi hadi Marekani.

Na kama ni majambazi, kuna magendo ya kahawa ya Chepkube, kwenye mpaka wa Bungoma na Uganda. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapaa, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikawa inavushwa usiku kuja Bungoma kutafuta pesa ya Kenya. Anayesema aina hii ya filamu imekwisha aende akawaulize wazee: nani alishika tochi, askari alilipwa kwa kilo au kwa gunia, na noti zote hizo zilifichwa wapi katika nyumba isiyo na dari?