Njia Panda za Ujiji na Uhai wa Waenda kwa Miguu

Mkazi wa Kasingirima hahitaji kuelezwa njia panda ni nini. Barabara ya lami itokayo Kigoma mjini hupita Mwanga na kutufikisha Ujiji, na humo vichochoro vya mitaa huingia kutoka kila upande, vikileta watoto wa shule na wa madrasa, kina mama wenye mabeseni ya dagaa kichwani, baiskeli zenye magunia, na bodaboda. Ajali inapotokea, kauli yetu huwa ileile: dereva alikuwa mzembe. Mara nyingi ni kweli. Lakini sisi tunaozika marehemu hao tunalazimika kuuliza swali la pili: makutano yale yalipangwaje hata uzembe wa mtu mmoja ukatosha kumwua mwingine?

Wahandisi wana hesabu yao. Barabara mbili zinapokatana msalaba, njia za magari hugongana au kuingiliana katika sehemu 32. Zikikutana kwa umbo la herufi T, sehemu hizo hushuka hadi 9, na kwenye kipilefti chenye njia moja ni 8. Tena kipilefti humlazimisha kila dereva kupunguza mwendo, apende asipende. Jambo hilo ni zito, kwa sababu gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya kishindo chake haiwi mara mbili, bali mara nne.

Hata kona ina siri yake. Kona pana, iliyokatwa kwa mzunguko mkubwa, humruhusu dereva kukunja bila kugusa breki, na papo hapo humwongezea mwenda kwa miguu hatua za kuvuka. Kona fupi hufanya kinyume chake.

Ujiji ni mji uliokua kwa nyayo za watu, zama za misafara, kabla gari halijafika. Zamani mashimo ya barabara zetu yalifanya kazi ya askari wa usalama barabarani (nasi tuliyalaani kila siku). Lami imeyafuta, na tunaishukuru. Ila mwendo umeongezeka, huku vichochoro vikibaki vilevile.

Mwaka 2007 Vatikani ilitoa miongozo ya uchungaji wa barabarani, ambamo zimo amri kumi kwa madereva, ya kwanza ikiwa “Usiue”. Kwa maoni yetu, amri hiyo inamhusu pia anayechora kona, na anayeidhinisha mchoro huo.

Wala dawa si ya gharama ya kutisha. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule za msingi, likachunguza mahali watoto wanapogongwa, kisha likajenga njia za miguu, vivuko vilivyoinuliwa na nguzo za kuzuia magari. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019.

Wapo wanaolalamika kuwa matuta huwatesa wagonjwa wanaokimbizwa Maweni. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana kivuko kimoja kilichoinuliwa, mahali panapostahili penye makutano, ni bora kuliko matuta kumi yaliyotawanywa ovyo. Vijana wa bodaboda nao wasionewe: huegesha kwenye kona kwa sababu abiria wako hapo. Lakini pikipiki zikijipanga na meza ya nyanya ikakaa kando yake, dereva anayetoka kichochoroni haoni mtoto wala mtoto hamwoni. Wapewe kituo hatua chache kutoka kwenye kona, chenye kivuli, nao watakaa.

Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Maombi ya namna hii yapelekwe kwa diwani na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla mkandarasi hajamwaga zege la kingo, maana likishakauka, kuisogeza kona huwa mradi mwingine wenye bajeti nyingine.